Matambara ya Mzee Yakobo

Ukitaka kujua kwamba Desemba imefika Moshi, usihangaike na kalenda. Simama kando ya barabara itokayo Dar utazame magari. Mtu mwaka mzima anauza vipuri Kariakoo, analala dukani juu ya maboksi, anakula chipsi kavu. Krismasi ikikaribia anapanda mlimani na gari linalowafanya kuku wa baba yake wasijue wakimbilie wapi.

Mwaka huo wa 2002, gari lililotingisha mtaa wa Majengo lilikuwa Subaru ya Melkior. Jeupe kama gauni la komunyo ya kwanza, limelala chini, na boneti lake lina tundu pana la kuvutia hewa, mithili ya chura aliyeachama. Bomba lake la moshi lilikuwa nene kiasi kwamba Filemon, fundi msaidizi, alilichungulia na kusema humo mtu anaweza kufuga sungura.

Mektrida alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, kwenye kivuli cha kibanda cha mumewe. Alikuwa ameteremka kutoka Kilema asubuhi hiyo ya Alhamisi na vitu viwili: hotipoti ya mtori wa ndizi na kiroba cha matambara. Mumewe, Thadeus, kazi yake ilikuwa kung'arisha magari. Si kuosha, na ukimwita muosha magari alinuna siku nzima. Yeye alikuwa na mashine ya umeme ya kupolishi, alikuwa na kompaundi za aina tatu, na alikuwa na mdomo. Huo mdomo ndio ulioleta balaa.

"Kaka Thade," Melkior alisema akiinama ubavuni mwa gari, "njoo uone huku juani. Unaona?"

Rangi yote ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba ya duara, kama utando wa buibui.

"Dereva wangu wa Dar," Melkior alisema. "Nadhani alikuwa analiosha na brashi ya choo. Jumamosi linambeba mchumba wangu Pamela kwenda kanisani, tunaoana. Nataka mpaka nijinyolee ndevu kwenye mlango."

"Bosi, utanyoa mpaka kope."

Filemon alicheka. Watu wawili watatu waliokuja kulitazama gari wakacheka. Thadeus akipata wachekaji alikuwa kama mbuzi aliyeona shamba la mtu limeachwa wazi.

"Na likipata doa?" Melkior aliuliza.

"Doa? Mkononi mwangu?" Thadeus aligeuka kuwatazama watazamaji wake. "Likipata doa, mangi, ile kona unayoililia chukua! Chukua bure, upitishe hata treni!"

Watu wakaangua kicheko. Mektrida hakucheka. Na alipomtazama Melkior, aliona naye hacheki.

Kona yenyewe ilikuwa sehemu ya chini ya kihamba chao, shamba la ukoo kule Kilema, pale migomba inapokutana na barabara ya vumbi. Melkior alikuwa anajenga nyumba ya vigae juu yao, jirani na kwa mama yake, na nyumba ile haikuwa na njia ya gari. Kulikuwa na kijia tu cha kupitisha mtu na ndoo yake. Ili Subaru ifike mlangoni ilikuwa lazima ipite kwenye kona hiyo, na kona hiyo ilikuwa na kahawa, na migomba, na hatua chache kutoka hapo lilikuwa kaburi la Mzee Yakobo, baba yake Thadeus. Mzee aliombwa kona akiwa hai, akakataa. "Kihamba si keki," alisema, na miezi miwili baadaye akalazwa humohumo ili maneno yake yawe na uzito.

"Nimekusikia," Melkior alisema. Akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Thadeus, akaondoka kwa teksi.

*

Kazi ilianza vizuri. Thadeus aliliosha gari mara mbili, akabandika utepe wa karatasi kwenye taa na mipira, akawasha mashine. Unapaka kompaundi, mashine inazunguka inakata utando ule wa buibui, halafu unafuta kwa kitambaa laini chenye unyevu. Kitambaa ndicho roho ya kazi. Mataulo ya Filemon yalikuwa yamechakaa mpaka yanakwaruza, ndiyo maana Thadeus alimwagiza mkewe matambara ya pamba.

Naye Mektrida alichagua yaliyo laini kuliko yote: vitenge vya zamani, vyepesi kama sikio la mbuzi, alivyovikuta vimekunjwa stoo, chini ya bomba la kupigia dawa kahawa. Bomba lenyewe lilikuwa limeota kutu. Tangu bei ya kahawa ianguke, watu wengi pale Kilema walikuwa wameacha kupiga dawa, na kahawa ilisimama migombani kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kumuuliza ataondoka lini. Mektrida alivikung'uta vitenge, akavianika juani, akavikunja. Vilikuwa na ubluu kwa mbali. Alidhani ni maua ya kitenge yaliyochuja.

Mlango wa kwanza ulipofutwa ulimetameta. Wa pili ulimetameta. Thadeus akahamia boneti, akachukua tambara jipya kirobani, akalilowesha, akafuta kwa mkono mzito na wa haraka, huku akipiga mluzi.

Mluzi ukakatika.

Juu ya weupe ule kulikuwa na bluu. Michirizi ya bluu ya kijani, imefuata mzunguko wa mkono wake, na chini yake mikwaruzo mipya, si utando wa buibui tena bali makucha ya paka.

"Filemon!" Thadeus aliita. "Umeweka nini kwenye kompaundi?"

"Mimi? Sijaweka kitu, kaka."

"Mikono yako ilishika nini? Ulikuwa unapaka nini asubuhi? Lile geti la yule mama, la bluu!"

"Geti lilikuwa jekundu! Nenda kaulize!"

Mektrida alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama. Aliitazama ile bluu na akawa kama anaviona vidole vya marehemu mkwewe. Mzee Yakobo, kila msimu, alikuwa akikoroga mrututu, ile dawa ya bluu ya kahawa, kwenye pipa, kisha anauchuja kwa kitambaa ili chenga zisizibe mdomo wa bomba. Aliendelea kupiga dawa hata bei ilipoanguka na watu wakamcheka, akazikwa na kucha za bluu. Hivyo vitenge ndivyo vilivyokuwa chujio lake. Chenga zilikuwa zimelala kwenye nyuzi miaka yote, kavu, zikisubiri maji.

Alifungua mdomo. Maneno yalifika kwenye meno, yakageuza.

"Toka," Thadeus alimwambia Filemon. "Toka hapa kabla sijakushika."

"Kaka Thade, kwa jina la Bikira Maria..."

"Toka!"

Filemon akatoka. Aliacha hata shati lake msumarini.

*

Bluu iliyoingia ndani ya mkwaruzo haitoki kwa maji. Thadeus alijaribu maji, akajaribu sabuni, akajaribu mafuta ya taa kidogo pembeni. Mwishowe ilibaki njia moja, kukata. Na rangi ya gari ni ganda la yai. Ukikata kidogo inakuwa laini. Ukizidisha kidogo tu, unatoka upande wa pili.

Aliwasha mashine. Mektrida alikuwa amekaa tena juu ya debe, kiroba amekikalia kabisa, kama kuku aliyekalia yai bovu. Kwenye uwanda wa boneti mambo yalikwenda, bluu ikafifia, ikaisha. Lakini pembeni mwa lile tundu, pale bati linapokunja ukingo, rangi huwa nyembamba zaidi. Thadeus alilijua hilo. Siku nyingine angelibandika utepe hapo. Siku hiyo jasho lilikuwa linamwingia machoni na mikono ilikuwa na hasira. Mashine iling'ata ukingo mara moja, akainyanyua, amechelewa.

Kijivu. Alama ndogo, sawa na ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa ni ile rangi ya chini kabisa ambayo mwenye gari hatakiwi kuiona maisha yake yote.

Filemon, aliyekuwa amerudi kufuata shati, alichungulia kwa mbali. Kinyongo anacho, lakini ulimi haukuweza kukaa.

"Kaka, ile dawa nyeupe ya makarani, ya kufutia makosa. Dukani ipo."

"Filemon, nitakuua."

"Nasema tu. Jumamosi padri hatakagua boneti." Akavaa shati, akaondoka bila kuaga.

Teksi ya Melkior ilifika kabla hawajaamua lolote. Alishuka akitabasamu, akalizunguka gari lake kuanzia nyuma, akajitazama kwenye mlango, akapangusa nyusi. Akafika mbele. Tabasamu likabaki usoni kwa muda kidogo, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima.

Hakupiga kelele. Mektrida aliomba apige kelele.

"Nani?" Melkior aliuliza.

"Mimi," Thadeus alisema. "Mashine iliteleza, bosi. Nitalipaka, nina rafiki ana rangi..."

"Ulisema nini leo asubuhi mbele ya watu?"

"Mangi, ule ulikuwa mzaha."

"Mimi nilicheka? Kaka Thade, uliniona nikicheka?"

Thadeus aligeuka kutafuta wachekaji wake wa asubuhi; hakumwona hata mmoja. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa kama kuvuliwa nguo.

"Malizia huko kwingine," Melkior alisema. "Boneti usiliguse. Shemeji, naomba nikae."

Mektrida alinyanyuka na kiroba chake. Melkior akaketi juu ya debe, akakunja mguu, na kwa saa nzima akawa anaonyesha kwa kidole. Hapo. Rudia. Hapo umeruka. Nawa mikono kwanza. Thadeus alinawa mikono mara tatu mbele ya mkewe kama mtoto anayetaka chakula. Kazi ilipokwisha, Melkior alitandika gazeti kwenye kiti kwanza, eti huenda fundi amekikalia, kisha akaketi.

"Kesho asubuhi vijana wanakuja na vigingi na kamba," alisema kupitia dirishani. "Tupime kona."

Subaru ikanguruma, ikaondoka. Hata mngurumo wake ulikuwa na dharau.

*

Jioni ile nyumbani Kilema hakuna aliyewasha redio. Jovin, mtoto wao, alikuwa likizo kwa mjomba wake Holili, na nyumba ilikuwa na ukimya wa kutosha watu kumi. Thadeus aliketi kwenye kigoda, mtori ukiganda mbele yake.

Mektrida alileta karai la maji, akaliweka chini. Akatoa tambara moja kirobani, akalizamisha. Maji yakaanza kubadilika polepole kuanzia kwenye mikunjo, mpaka karai lote likawa na rangi ya sare za shule.

Thadeus alilivuta karai karibu, akalishika tambara.

"Haya ni ya mzee," alisema.

"Ya mzee."

"Ya kuchujia."

"Nilidhani ni maua ya kitenge."

"Tangu saa ngapi unajua?"

"Tangu ilipotoka bluu."

"Mama Jovin." Thadeus aliinua uso. "Ukaniacha nimfukuze Filemon. Mtoto wa watu ameapa kwa Bikira Maria, na wewe umekaa juu ya debe."

"Niliogopa."

"Uniogope mimi? Mimi ambaye hata jogoo wa humu ndani ananidharau?"

"Niliogopa kuwa mtu aliyeuza kaburi la mkwewe kwa tambara."

Thadeus alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Tambara limekwaruza boneti tu. Kona niliiuza mimi, kwa mdomo huu, ili watu watatu nisiowajua wacheke." Aliinuka, akasimama mlangoni akiitazama migomba. "Kesho nitampa. Neno ni neno."

"Tupeleke isale."

"Kwa Melkior?" Aligeuka. "Yule amekaa Kariakoo miaka kumi na tano. Ukimpa isale atalichanganya na mchicha."

"Simpelekei Melkior. Nampelekea mama yake."

Huko mlimani, isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani. Mwenye kosa akilishika na kwenda nalo kwa aliyemkosea, yule hana ruhusa ya kulikataa. Watu waliokatana mapanga wamekunywa pombe ya mbege kata moja kwa sababu ya jani hilo. Ila lina masharti yake: unasema kosa lote bila kupunguza, na anayelibeba ni yule aliyekosa.

"Basi nitalibeba mimi," Thadeus alisema.

"Matambara nilileta mimi. Nikanyamaza mimi. Wewe ulichokosa ni kelele tu, na kelele hazina isale."

*

Kulipokucha, waliamshwa na sauti ya panga.

Walipofika konani walikuta vijana wawili wasiowajua wakinyoosha kamba kutoka kigingi mpaka kigingi. Kamba ilikuwa imepita katikati ya kahawa za mzee, na ili ipite vizuri, masale matatu ya mpakani yalikuwa yameng'olewa na kutupwa kwenye nyasi, mizizi ikitazama juu.

Thadeus alirudi nyuma mara moja na kutokea na jembe.

"Weka chini," Mektrida alisema.

"Wameng'oa masale! Mama Jovin, hata mwizi hang'oi masale!"

"Weka chini jembe, Baba Jovin. Ukimpiga mtu leo, kona imekwenda kweli."

Wale vijana walikuwa wamesimama na panga zao, hawajui wacheke au wakimbie. Thadeus alihema kama ng'ombe, kisha akalichomeka jembe ardhini na kuliegemea. Mektrida aliinama. Hakuchuma jani jipya. Aliliokota isale moja kati ya yale yaliyotupwa, zima, na mizizi yake, na udongo ukining'inia, akalishika kwa mikono miwili na kupanda kijia.

Kwa Bibi Veronika, mama yake Melkior, kulikuwa kumejaa. Wanawake walikuwa wamezunguka rundo la ndizi wakimenya, mbege ilikuwa inatulia kwenye pipa, na Melkior mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya uwanja kwa singlendi na suruali ya suti, fundi cherehani amepiga magoti anampima upindo, pini zimejaa mdomoni. Pembeni ya banda la ng'ombe, wanawake walipomwona Mektrida na alichobeba, visu vilisimama kimoja baada ya kingine.

"Shikamoo, mama," Mektrida alisema, akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu." Bibi Veronika aliufuta mkono wake kwenye khanga. Alikuwa mwembamba, ameinama, macho yake bado mazima. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Nimekosa." Akasema yote. Vitenge, mrututu, bluu, alivyonyamaza, Filemon alivyofukuzwa, alama ya kijivu. Alisema mbele ya wanawake wote wale, na aliijua midomo yao. Kufikia jioni habari ingekuwa imefika Marangu na kurudi, imenenepa. "Thadeus alipiga domo, lakini gari nimeliharibu mimi. Naomba msamaha wa nyumba hii."

Bibi Veronika alilipokea isale kwa mikono miwili. Akalitazama. Akaligeuza, udongo ukamwagika kwenye miguu yake.

"Isale la msamaha ni jani," alisema taratibu. "Umeniletea mti mzima mpaka na mchanga wake. Umelitoa wapi?"

"Nimeliokota, mama."

"Masale yanaokotwa?"

"Ya mpakani kwetu leo yanaokotwa. Yapo mengine mawili."

Hata ng'ombe aliacha kutafuna. Fundi cherehani aliganda na upindo mkononi.

"Mama," Melkior alisema haraka, "Thade mwenyewe alisema mbele ya watu, akiharibu nichukue kona. Kuna mashahidi."

"Sijakuuliza habari za kona. Nani ameng'oa masale?"

"Vijana. Walikuwa wanapima tu..."

"Vijana wa nani?"

Melkior aliitazama suruali yake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye goti.

"Baba yako na Yakobo waliyapanda wote wawili, mmoja huku, mmoja kule," Bibi Veronika alisema. Sauti yake haikupanda, na ndiyo maana kila mtu aliinama kusikia. "Mimi ndiye niliyebeba maji. Nilikuwa na mimba yako. Sasa wewe unaoa kesho, na mpaka wa baba yako umelala chali kwenye nyasi? Utamleta mke wa watu apite juu ya hilo?"

"Na gari langu je?" Sauti ya Melkior ilipasuka, na kwa mara ya kwanza tangu jana alifanana na mtu wa Kilema. "Mama, nimelala dukani miaka kumi na tano! Kila mtu anasema Melkior ana hela, Melkior ana hela, na ninapokuja nyumbani napaki barabarani kama mgeni. Napanda kwangu kwa miguu na mabegi kichwani!"

Hakuna aliyecheka. Mektrida, akiwa bado amepiga goti, alijikuta anamwonea huruma, jambo ambalo hakulipanga.

"Boneti tutalipaka," alisema. "Thadeus atalipaka baada ya harusi, na rangi tunanunua sisi. Mbuzi jike yupo, tutamuuza. Lakini kona, shemeji, mzee amelala pale."

"Boneti linapakwa," Bibi Veronika alisema. "Hili halipakwi." Akamnyooshea mwanawe lile isale. "Mwenzio ameleta. Unalikubali, au hulikubali?"

Pini moja ilianguka kutoka mdomoni mwa fundi cherehani.

"Nimelikubali," Melkior alisema, kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Basi lishike, ukalirudishe lilipotoka. Na yale mawili. Wewe mwenyewe, si vijana."

"Mama, na hii suruali?"

"Kunja."

*

Jumamosi kengele za Kilema zililia, na Subaru ikateremka kutoka kanisani ikiwa na maua, honi, na watu wakining'inia madirishani kwenye magari ya nyuma. Juu ya lile tundu la boneti mtu alikuwa amefunga ua kubwa la utepe mwekundu, na Filemon, aliyefuatwa kwake Ijumaa jioni na kuombwa radhi kwa kibuyu cha mbege, alikuwa akiwaeleza wageni kwamba hiyo ni fasheni mpya ya Japani.

"Na mimi ndiye niliyeshauri," aliongeza. "Walinikatalia ile ya makarani."

Gari lilisimama barabarani, chini ya kona. Njia haikuwepo. Pamela alishuka, gauni lake limejaa mikono ya mashangazi. Kijia kilikuwa na tope la mvua ya alfajiri, na viatu vyake vilikuwa vyeupe kuliko gari. Melkior alikitazama kijia, akaitazama migomba ya Mektrida, akameza mate.

"Shemeji," alisema. "Naomba njia. Ya leo tu."

"Mbona imeshatandikwa?"

Na kweli ilikuwa imetandikwa. Tangu alfajiri Mektrida na Thadeus walikuwa wamekata majani ya migomba na kuyalaza kuanzia barabarani, katikati ya kahawa, kando ya kaburi, mpaka kwenye mpaka wa juu. Pamela alipita akishikwa huku na huku, vigelegele vikapanda naye mlima. Alipofika kwenye kaburi la Mzee Yakobo alisimama, akapiga ishara ya msalaba ingawa hakuwahi kumjua, akaendelea. Melkior alifuata nyuma, macho chini.

Walipokwisha kupita, Thadeus na mkewe walibaki peke yao mpakani. Masale mawili yalikuwa yamesimama sawasawa. La tatu Melkior alilipanda kimjinimjini, limelala upande kama kofia ya mlevi. Mbuzi jike, ambaye hakuwa na habari ya mnada wa Jumatatu, alilinyooshea shingo; Mektrida akamswaga, kisha akalimwagia isale maji ya kata moja.

Thadeus aliinama alinyooshe.

"Liache," Mektrida alisema.

"Limepinda, Mama Jovin."

"Liache hivyohivyo. Boneti utalipaka Jumatatu, na alama yetu itafutika. Hili yeye ndiye atakayekuwa analipita, na mabegi yake kichwani."